Maiki Mbele ya Picha Iliyochoka

Mkono wa kushoto haubanduki kwenye kitufe cha sauti cha miksa. Wa kulia umeshika maiki, vidole vinne kutoka mdomoni, kidole gumba kimelala juu ya swichi. Mhusika wa kwenye skrini anapofungua kinywa, mkono wa kushoto unashusha Kiingereza chake hadi kibaki mnong'ono. Mtafsiri anaingia, anasema lake kwa pumzi moja, anatoka, na sauti ya katuni inapanda tena kabla mlango haujabamizwa. Watazamaji wanausikia ule mlango. Hicho ndicho kipimo chake cha kwanza. Wakisikia maneno yake yote lakini mlango ukawapita, kwake hiyo ni kazi iliyoharibika.

Anaifanya kazi hii Ipole, wilayani Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, pale barabara inapogawanyika, moja ikielekea Mpanda na nyingine Rungwa hadi Mbeya. Ni nchi ya miombo na asali. Kandokando ya barabara asali inauzwa kwa chupa na kwa ndoo, na ndani ya pori mizinga ya magome bado inaning'inizwa juu ya miti. Wanakijiji wana eneo lao la hifadhi ya jamii ya wanyamapori, na maisha ya wengi yanapishana kati ya shamba la tumbaku, shamba la mahindi na safari ya kurina. Mtu aliyetoka kambini, nguo zikinuka moshi, anataka kuoga, kula ugali wa moto, kisha akae mbele ya kitu cha kumsisimua. Banda umiza lipo kwa ajili yake, na kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao wamewapa ruhusa ya saa moja ya jioni. Mabenchi ya mbao, turubai dirishani, televisheni moja bapa, betri ya sola, spika mbili zilizowahi kutumika na kwaya.

Jina lake ameomba nisiliandike. Watoto humwita Anko, wakubwa humwita Dijei, na mchana ni fundi simu anayeingiza nyimbo na muvi kwenye memori kadi. Muvi zilizokwisha kutafsiriwa na madijei wa mjini anazo tele, na angeweza kuweka moja, akakaa nje apige soga. Zile anaziweka siku za mechi, watu wakisubiri mpira uanze. Siku anapotaka kufanya kazi hasa, huchukua katuni ya mashujaa ambayo hajasikia mtu aliyeitafsiri, akaisemea mwenyewe, moja kwa moja, mbele ya watu. Ukikosea umekosea, hakuna kurudisha nyuma.

Nimemwona akisemea episodi nzuri, na kila mtu alitoka ameridhika. Ila picha nzuri inambeba hata msimulizi wa kawaida. Ufundi wake niliuelewa usiku aliosemea episodi mbovu.

Ilikuwa sehemu ya kwanza ya “Feat of Clay”, hadithi ya sehemu mbili katika mfululizo wa Batman uliotengenezwa na Warner Bros. na kuanza kurushwa Marekani Septemba 1992. Mfululizo ule unastahili heshima kubwa. Wachoraji wake waliamua kuchora mandhari juu ya karatasi nyeusi badala ya nyeupe, wakawa wanaongeza mwanga kidogo kidogo ndani ya giza, na ndiyo maana mji wa Gotham mle unaonekana umezaliwa usiku. Kevin Conroy, aliyefariki mwaka 2022, alimpa Batman sauti mbili, moja ya tajiri wa mchana na nyingine ya mlinzi wa usiku, bila kupaza hata moja. Lakini kazi ya kuchora miondoko yenyewe iligawiwa studio mbalimbali za ng'ambo, na mgawanyo huo ndio uliozaa kisa changu. Sehemu ya kwanza ya “Feat of Clay”, iliyorushwa tarehe 8 Septemba, ilichorwa na AKOM ya Korea Kusini. Sehemu ya pili, ya tarehe 9, ilichorwa na Tokyo Movie Shinsha ya Japani, studio iliyotengeneza filamu ya Akira mwaka 1988. Hadithi ni moja, wahusika ni wale wale, vielelezo vya sura zao vilitoka ofisi moja. Mikono ndiyo iliyokuwa tofauti.

Na tofauti hiyo inauma. Katika sehemu ya kwanza sura hazitulii. Pua inahama kidogo mtu anapogeuka, mabega yanapanuka na kusinyaa, mtu akianguka haonekani kuwa na uzito. Wanaopigana wanapita karibu karibu bila kugusana. Hadithi yenyewe ni nzito kuliko wino uliotumika kuichora: Matt Hagen ni mwigizaji ambaye ajali imemharibu uso, na tajiri mmoja, Roland Daggett, anampa krimu ya ajabu inayoulainisha uso mpaka aweze kuufinyanga atakavyo, kwa saa chache tu. Malipo yake ni kutumwa uhalifu. Hagen anavaa sura ya Bruce Wayne, anamtia matatani Lucius Fox, mtu mwaminifu ambaye sasa anaamini bosi wake mwenyewe amemgeuka. Ni kisa cha uso. Kila kitu kinategemea mtazamaji auone uso na kuuamini, na hapo hapo ndipo mchoraji alipochoka.

Nisiwaonee wachoraji hao. AKOM ni studio iliyochora The Simpsons kwa miaka mingi, haikosi mafundi. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24. Ukichora picha mpya kwa kila fremu mbili, dakika 22 za episodi zinadai karibu picha 16,000, na hakuna televisheni inayolipia zote. Ndiyo maana katuni za televisheni, ikiwemo Astro Boy ambayo Osamu Tezuka alianza kuirusha Japani Januari 1963, zimeishi kwa hesabu kali: uso umesimama na mdomo peke yake unacheza, mbio zile zile zinatumika mara nyingi, picha moja inaazimwa kutoka kwenye kisa kingine. Spider-Man wa kwanza wa televisheni, aliyeanza 1967, alifika mbali zaidi. Kampuni iliyokuwa ikimchora ilipofilisika, kazi ilichukuliwa na Ralph Bakshi, na chini yake episodi ya “Revolt in the Fifth Dimension” ilitengenezwa kwa hadithi na michoro iliyotolewa kwenye katuni nyingine kabisa ya Kanada, Rocket Robin Hood, Spider-Man akapachikwa mahali pa yule mwingine. Mtoto aliyeketi mbele ya televisheni hajui habari za bajeti wala tarehe ya kukabidhi kazi. Anajua tu kwamba stelingi wake leo hayupo vizuri.

Watoto wa Ipole walijua katika dakika ya tatu. Mmoja wa benchi la mbele aliuliza kwa sauti, kama wanavyouliza watoto wa banda umiza popote, “Anko, mbona sura yake inacheza?”

Hapo ndipo wasimulizi wengi hupotea. Nimewasikiliza wengi, wa kwenye kanda na wa mbele ya watu, na najua wanachofanya picha ikilegea. Wanapiga kelele. Wanaongeza vichekesho vya mtaani, wanamtukana adui kwa matusi ya stendi, wanataja mademu na bia, wanajaza kila upenyo kwa maneno ili mtazamaji asipate nafasi ya kuona kwamba picha imechoka. Inafanya kazi kwa robo saa. Baada ya hapo hadithi imekufa, kimebaki kicheko, na kesho yake hakuna anayekumbuka nani alimfanyia nani nini.

Dijei alimjibu yule mtoto ndani ya hadithi. Bila kugeuza kichwa, kwa sauti ile ile ya msimulizi, alisema: “Muangalie vizuri huyu Bruce. Umemjua siku nyingi. Leo kuna kitu hakijakaa sawa usoni pake. Kumbuka nilivyokwambia.” Mkono ukapandisha sauti, gari likaunguruma, watoto wakainamia mbele. Bruce aliyekuwa kwenye skrini wakati ule alikuwa Hagen, mwongo aliyevaa sura ya mwenzake. Kasoro ya mchoraji ikawa ushahidi wa kesi. Sijui kama kuna njia bora zaidi ya kumheshimu mtoto aliyeuliza swali la kweli: hakuambiwa anyamaze, wala hakudanganywa kwamba hakuona alichokiona.

Jambo hili halikuzuka pale pale. Mchana wake nilimkuta kibandani kwake, laptopu iko wazi, sauti imezimwa kabisa. Ndivyo anavyoanza siku zote. Mara ya kwanza huitazama episodi bila sauti, ili ajue picha peke yake inasema nini na wapi inashindwa kusema. Ana kaunta buku lenye jalada jekundu, na kurasa zake amezigawa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto anaandika dakika na kinachoonekana. Upande wa kulia huachwa wazi mpaka mara ya pili, anapowasha sauti na kusikiliza mazungumzo. Pale ambapo upande wa kushoto umejaa, upande wa kulia huandika kidogo sana, maana picha imeshasema. Pale ambapo kushoto kuko tupu, sura imesimama na mdomo unacheza, ndipo huketi na kufikiri. Katika ukurasa wa “Feat of Clay” upande wa kushoto ulikuwa na mapengo mengi kuliko nilivyowahi kuona kwenye daftari lile. Karibu na dakika za mwanzo alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: sura haitulii, itumie.

Hatafsiri neno kwa neno, na hajifanyi hivyo. Kiingereza chake ni cha kidato cha nne pamoja na miaka mingi ya kusikiliza. Anachokitafuta ni nani anataka nini kwa nani, na nani anaogopa. Akishayajua hayo mawili, maneno hujileta. Krimu ya Daggett ilimchukua muda. Mjini wangesema “dawa ya ajabu”, na watoto wangesikia habari za maabara. Yeye aliita mkorogo. Banda zima, hasa akina mama waliokuwa wamesimama mlangoni na ndoo zao, walielewa papo hapo mambo ambayo episodi ilihitaji dakika kumi kuyaeleza: kwamba uso unalainika na kupendeza, kwamba ukiacha kupaka unarudi vibaya kuliko mwanzo, kwamba anayeuza anakushika kwa kile kile kilichokupendezesha. Kuanzia hapo Hagen hakuwa adui tu. Alikuwa mtu wanayemfahamu.

Halafu kuna sauti. Msimulizi anayeanza hutaka kuwa na sauti kumi, ya mzee, ya mtoto, ya jambazi, ya malaika. Dijei ana tatu, na amekataa kuziongeza. Ya kwanza ni yake mwenyewe ya kusimulia, ya kawaida, kama anavyoongea na mteja. Ya pili ni ya chini, ya stelingi, na huitumia kwa uchache ili isichoke. Ya tatu ni ya mtu anayeficha kitu. Hii ya tatu haina unene wala wembamba wa pekee. Inachelewa kidogo tu, nusu pumzi, kabla ya neno la mwisho. Usiku ule alimpa Hagen sauti ya tatu hata alipokuwa amevaa sura ya Bruce, na mtoto aliyekuwa makini angeweza kumjua mwongo kwa masikio kabla Batman hajamjua kwa macho. Sikuona mtu akielezwa. Niliona tu mzee mmoja aliyetoka kurina akimgusa mwenzake begani na kusema, “Huyu siye.”

Ilipofika ile sehemu ambayo wahuni wa Daggett wanamshika Hagen na kummwagia krimu yote kwa nguvu, nilitarajia maneno mengi. Mchoro pale una mambo mazito ya kuonyesha na unayaonyesha kwa mkono mlegevu. Dijei alisema sentensi moja tu kabla: “Alikuwa anaiomba kwa kijiko, sasa anapewa kwa ndoo.” Kisha akapandisha sauti ya katuni, akaacha muziki na yowe la Ron Perlman, mwigizaji wa sauti ya Hagen, lifanye kazi ambayo wino haukuiweza. Alijua kwamba katika episodi ile sauti haikuwa na kasoro. Waliocheza kwa sauti walikuwa wakubwa, waliopiga muziki walikuwa wakubwa. Picha ndiyo ilikuwa imechoka, kwa hiyo yeye alisogea kando ya kilichokuwa hai, akakiachia nafasi. Ni uamuzi mgumu kwa mtu mwenye maiki mkononi na watu waliolipa kiingilio kumsikia.

Kazi ya kusimama kando ya picha na kuisemea ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Japani ya filamu bubu ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, na majina yao yalivuta watu kwenye majumba ya sinema sawasawa na majina ya waigizaji. Heigo, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao, mpaka filamu zenye sauti zilipowaondolea riziki. Kwetu, kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliofahamika kwa kifupi cha BEKE ulikuwa na makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara, na lori lake lilizunguka nchi za Afrika Mashariki likionyesha filamu zenye maelezo kwa lugha za wenyeji. Televisheni ilianza Zanzibar miaka ya 1970, bara ikasubiri hadi 1994. Kabla na baada ya hapo kulikuwa na deki, mikanda ya VHS, na vibanda vilivyojaa filamu za Hong Kong, India na Marekani ambazo watu walizitazama bila kuelewa zinasema nini. Katika pengo hilo wakaingia watu kama Kapteni Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilisafiri kwa kanda mpaka miji ya mbali. Uganda wakapata mavijei wao, wakisimulia kwa Kiganda. Kenya wakapata DJ Afro. Suala la hakimiliki ya filamu hizo lipo na si dogo, na siku moja litabidi limalizwe kwa haki kwa pande zote. Ila ufundi wenyewe ni halali yao, maana hakuna studio yoyote duniani iliyowapa.

Na njia hii ya magharibi, pale Ipole ilipo, imezoea sauti inayotangulia. Misafara ya zamani iliyotoka Unyanyembe, huko Tabora, ilikuwa na kirangozi wake mbele, mwenye bendera, aliyejua wakati wa kuimba, wakati wa kunyamaza na mahali pa kutua mizigo. Msafiri Stanley alipoondoka Kwihara, huko huko Unyanyembe, Septemba 1871 akikwepa vita vya mtemi Mirambo, alishika upande huu wa kusini, kupitia Ugunda, na wapagazi wake walitembea kwa mwendo uliowekwa na sauti za watu wa aina hiyo. Dijei wa Ipole huyajua hayo kwa kusimuliwa na babu yake. Hajawahi kuyatumia kujisifu.

Alipozima TV usiku ule, kijana mmoja alimlaumu. Kwa nini asiiruke hiyo sehemu ya kwanza, akaeleza kwa mdomo dakika mbili, akaweka sehemu ya pili iliyo kali? Wengine wakaunga mkono. Dijei alikuwa anakunja waya. “Mdogo wangu,” alisema, “ukipanda juu ukakuta mzinga haujajaa, hupigi teke. Unachukua kilichopo, unafunika vizuri, unashuka. Kesho utaurudia mti ule ule.” Kijana yule ni mwana wa mrina asali. Hakuhitaji kuongezewa.

Kesho yake walikuja wengi zaidi, na sababu ilikuwa Hagen. Walimwacha amegeuka jitu la tope lisilo na sura, wakataka kujua ataishia wapi. Sehemu ya pili, ile ya Tokyo, ni kati ya kazi bora za katuni za televisheni nilizowahi kuona. Tope linatiririka, lina uzito, linapanda ukutani na kushuka. Mkono unakuwa nyundo, nyundo inakuwa wembe, na kila badiliko lina mwanzo, katikati na mwisho unaoweza kuufuata kwa jicho. Ukitoka sehemu ya kwanza ukaingia hii, unaona mara moja tofauti ya kuchora umbo na kuchora nguvu inayolisukuma umbo. Kuna mahali Batman anampeleka Hagen mbele ya skrini nyingi za studio ya televisheni, zote zikionyesha sura za watu aliowahi kuigiza, na mwili wa Hagen unaanza kuzifuata zote bila yeye kutaka, sura juu ya sura, mpaka hajijui. Yule mwigizaji aliyetaka uso wake urudi anapewa nyuso zote kwa mpigo.

Kwa tukio hilo zima Dijei aliweka maiki juu ya meza. Nilikuwa nimelikuta daftari lake wazi mchana: upande wa kushoto ukurasa umejaa maandishi hadi pembezoni, upande wa kulia kuna mstari mmoja mrefu wa kalamu uliovutwa kutoka juu hadi chini. Mstari huo ndio uliokuwa tafsiri yake. Na aliweza kunyamaza kwa sababu ya kazi aliyoifanya jana yake, kwenye episodi mbovu. Watu walikuwa wameshamjua Hagen, mkorogo wake, sauti yake ya kuchelewa nusu pumzi. Hawakuhitaji kuambiwa kwa nini anapiga yowe. Msimulizi aliyejaza usiku wa kwanza kwa vichekesho angelazimika kueleza kila kitu usiku wa pili, juu ya michoro ambayo haikustahili kukatizwa.

Nimewahi kumuuliza kwa nini asichukue katuni zilizotengenezwa kwetu. Zipo, na anazipenda. Ubongo Kids ilianza Dar es Salaam mwaka 2014 kwenye TBC1, inazungumza Kiswahili chenyewe, haimhitaji. Super Sema ya studio ya Kukua, Nairobi, iliyozinduliwa Machi 2021 na Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa wazalishaji wakuu, ina msichana wa miaka kumi anayekilinda kijiji chake dhidi ya roboti Tobor kwa sayansi na ubunifu. Hii huwawekea watoto wadogo mchana wa Jumamosi, na husema maneno machache tu, maana wanaifuata wenyewe. Kizazi Moto ya mwaka 2023, ambamo wamo Raymond Malinga wa Uganda na Ng'endo Mukii wa Kenya, aliitazama kwa simu ya mteja, akaomba aonyeshwe tena. Anasema atakapokuwa na nakala halali ataisemea, na kwamba itamdai daftari jipya.

Kwa sasa anahangaika na episodi nyingine ya mfululizo ule ule wa Batman, “I've Got Batman in My Basement”, ya mwishoni mwa Septemba 1992. Hii hata waliotengeneza mfululizo wameisema vibaya. Ubovu wake ni wa namna nyingine kabisa: safari hii ni hadithi. Batman amevuta gesi, amelewa, na sehemu kubwa ya kisa hana la kufanya. Watoto wawili wanamficha chini ya nyumba huku Penguin akimtafuta. Stelingi amelala, na banda la stelingi aliyelala linaweza kuwa tupu kabla ya nusu. Ameshaijaza daftarini mara mbili na kuifuta. Uamuzi alioufikia ni kuiacha kabisa sauti ya pili, ile ya chini, na kuisimulia episodi yote kutoka kwa yule mvulana, mtoto aliyekuwa na hamu ya upelelezi na ghafla ana mtu mzima mgonjwa wa kumficha, kitu ambacho kila mtoto wa benchi la mbele angekiogopa na kukitamani. Naona amepatia. Kilichobaki ni Penguin. Sauti ya kubana pua ameijaribu, watoto walicheka mno, ameiacha. Sasa anamsikiliza dalali mmoja wa mahindi anayeleta simu zake kuchaji kila jioni, mtu wa maneno laini na heshima nyingi, asiyemwacha mtu yeyote amalize sentensi yake.